Kalenda Ndiyo Inayoua Pampu Zetu

Haya wasomaji wangu, wiki hii hakuna Linux, hakuna hifadhidata, wala sitawaambia mnunue simu gani. Leo naandika juu ya oili. Ndiyo, oili ya injini, ile nyeusi inayochafua kanzu. Uliyekuja kutafuta habari za kompyuta usifunge ukurasa, maana huko tutafika, na tukifika utaona kwamba aliyekosea katika kisa hiki hakuwa fundi wala mkulima. Alikuwa kijana mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, na ndiye anayekuandikia.

Dai langu ni fupi. Pampu ikifa kando ya Mto Tana tuna maneno matatu ya mazishi: jua la Garissa, vumbi la Garissa, na "hizi za Kichina ndivyo zilivyo". Mimi nasema muuaji mkubwa ni wa nne, na hatumtaji kwa sababu ametundikwa ukutani nyumbani kwa kila mmoja wetu. Muuaji ni kalenda. Tunahesabu miezi wakati injini inahesabu saa.

Nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Kuna mashine ya kukata nyasi ambayo mtu huikalia kama trekta dogo akazunguka nayo uani. Wamarekani wanazipenda sana. Sisi Garissa hatuna haja nayo, nyasi zetu hukatwa na mbuzi na mbuzi hadai plagi. Lakini soma maelekezo ya kutunza injini ya mashine ile, utaona kana kwamba yameandikwa kwa ajili ya shamba la ndizi kando ya Tana: badilisha oili, safisha filta ya hewa, kagua plagi, ondoa takataka kwenye mapezi ya kupozea. Injini ile ni ya petroli, hupozwa kwa hewa, na ni jamaa wa karibu wa injini inayovuta maji mtoni kwetu. Kampuni kama Briggs & Stratton ya Milwaukee, iliyoanzishwa mwaka 1908, na Honda, iliyoanza kuuza injini zake za GX mwaka 1983, ndizo zilizosambaza injini ndogo za namna hii duniani, kisha viwanda vya China vikatoa nakala zake kwa bei ambayo mkulima anaiweza.

Sasa tazama hesabu. Mwenye mashine ya nyasi huko Marekani anakata nyasi tuseme saa moja kwa wiki, miezi sita ya mwaka. Hizo ni saa 26. Kitabu kikimwambia abadilishe oili kila saa 50 au mara moja kwa msimu, kwake yeye "mara moja kwa msimu" inatosha kabisa. Anaweza kusahau habari ya saa maisha yake yote na injini yake ikaishi.

Njoo Garissa wakati wa kiangazi, Januari hadi Machi. Pampu inawashwa baada ya sala ya alfajiri, inazimwa jua likikaza, inawashwa tena alasiri hadi magharibi. Saa 8 kwa siku. Ijumaa inapumzika. Hizo ni saa 48 kwa wiki. Saa 26 za Mmarekani za mwaka mzima tunazimaliza Jumatatu hadi Alhamisi! Anayetuambia sisi tubadilishe oili "kila baada ya miezi kadhaa" anatuambia tuendeshe injini kwa mwaka wa mtu mwingine.

Na mimi ndiye niliyesema hivyo.

Mjomba wangu, abti kama tunavyosema sisi (na yeye huniita abti vilevile), ana shamba ng'ambo kidogo ya mji, kando ya mto. Ndizi, vitunguu, na msimu ule tikiti maji. Alikuwa amenunua pampu mpya yenye injini ya petroli ya nguvu farasi 5.5. Pampu iliyotangulia ilikuwa imekufa, na ya kabla yake pia. Nikamwambia, abti, safari hii niachie mimi, hii haifi. Nikafungua kitabu cha injini, nikakuta jedwali zuri kabisa la matunzo, nikaandika programu fupi ya Python, nikaiweka kwenye seva, nikaiunganisha na huduma ya meseji. Kila tarehe mosi ya mwezi saa 12 asubuhi simu ya abti inalia: "Badilisha oili leo." Jioni moja tu ya kazi. Nilijivunia sana. Niliwaonyesha rafiki zangu Nairobi, mmoja akaniambia nikatafute wafadhili.

Wiki ya saba injini ilipiga kelele kama mtu anayegonga sufuria, ikasimama.

Fundi aliifungua mbele yetu. Konrodi ilikuwa imevunjika vipande viwili, na oili iliyobaki ilikuwa kidogo, nyeusi, na inametameta kwa unga wa chuma. Fundi hakusema neno, aliinamisha tu lile bati la oili kwenye jua tuone. Mimi nikamgeukia abti, nikamuuliza kama kweli aliipata meseji yangu.

"Niliipata," akasema. "Ulisema mwezi, nikangoja mwezi."

Siku tisa shamba lilikaa bila pampu yake. Jirani alitukopesha ya kwake usiku, baada ya kumaliza kumwagilia kwake, na Mungu amlipe. Ndizi zilivumilia. Tikiti maji lililokwisha kuzaa halivumilii siku tisa za joto la Garissa na maji ya kukopa. Nusu ya zao ilienda kwa mbuzi. Ile nusu ndiyo iliyokuwa karo ya shule ya binti zake wawili.

Usiku ule nilirudi kwenye kitabu, na nikaliona kosa langu. Jedwali linasema: oili ya kwanza, baada ya mwezi mmoja AU saa 20. Baada ya hapo, kila miezi 6 AU saa 100. Na juu ya jedwali pameandikwa wazi, kitakachotangulia. Wenzangu wa programu mnaona tayari. Kulikuwa na sharti la AU lenye pande mbili, nami niliandika upande mmoja. Niliandika upande wa tarehe. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta inaijua tarehe. Saa za injini ziko shambani, na kompyuta yangu haikuwa shambani. Nilihesabu kilichokuwa rahisi kuhesabu, nikakiita matunzo. Tena nilijiona mwangalifu, maana badala ya miezi sita niliweka mwezi mmoja!

Oili ya kwanza ilipaswa kumwagwa baada ya saa 20, yaani siku ya tatu. Meseji yangu ilifika baada ya siku 26 za kazi, saa 208. Zaidi ya mara kumi.

Wengine mtauliza, saa 20 zina nini? Hapa ndipo panapohitaji kueleweka, kwa sababu asiyejua sababu huona ratiba kama amri ya serikali.

Injini mpya ina kuta za silinda na ringi ambazo bado hazijazoeana. Katika saa za kwanza zinasuguana na kutoa unga mwembamba wa chuma. Unga huo unaingia kwenye oili. Gari lina pampu ya oili na filta inayonasa uchafu. Mashine nyingi kubwa za nyasi za kukalia nazo zinavyo. Injini ndogo ya pampu yetu haina hata kimoja. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo, na kila krenki ikizunguka kijiko kinachota oili na kuirusha juu kama mtoto anayecheza majini. Hiyo ndiyo njia yote ya kulainisha. Uchafu ukiingia hauna pa kwenda, unarushwa tena na tena kwenye vyuma vilevile, mara elfu tatu na zaidi kwa dakika. Namna pekee ya kuutoa ni kumwaga oili yote.

Na oili yote ni kiasi gani? Kwenye injini za ukubwa ule ni kama lita 0.6. Chupa moja ya soda na kidogo. Oili hiyo inapooza, inalainisha, inabeba masizi, inabeba mabaki ya petroli, kwenye joto la mji ambao kivulini mara nyingi hufika nyuzi 36 na 37. Huipi mwezi wa kazi hiyo. Wewe mwenyewe usingekubali.

Sasa, msije mkadhani ni ujinga wa kijana wa Garissa peke yake. Kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa kompyuta anapaswa kukijua. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki liliangukia kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Pale kulikuwa na mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora, lakini haukurusha. Saa ya ndani ya mtambo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu za sifuri na moja. Kila hesabu ilikuwa na kosa dogo mno. Mtambo ukizimwa na kuwashwa upya kosa linafutika. Siku ile ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, na kosa lilikuwa limefika theluthi ya sekunde. Kwa mwendo wa Scud, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo uliangalia mahali ambapo kombora halipo.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Siku chache kabla, watumiaji wa mitambo ile walikuwa wamepelekewa onyo kwamba kuiacha ikiwaka muda mrefu sana kunaleta kosa. "Muda mrefu sana." Hakuna aliyewaambia ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya mazishi kuanza kupangwa.

"Muda mrefu" si namba. "Mara kwa mara" si namba. "Ikianza kuwa nyeusi" si namba, maana oili nzuri huwa nyeusi mapema kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi, na oili iliyochoka inaweza isikuonyeshe chochote machoni. Anayekupa ushauri wa mashine bila namba amekupa dua, na dua nasi tunaiomba, lakini funga ngamia wako kwanza.

Narudi kwa abti. Baada ya mazishi ya injini nilimwendea na wazo jipya, kubwa kuliko la kwanza. Nikamwambia nitafunga kihisi kwenye injini, kitahesabu saa, kitatuma kwa mtandao wa simu, seva itapokea, programu itakokotoa. Nikaanza kuchora. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la mtoto wa shule lenye jalada la bluu.

"Mwezi ule nilinunua petroli mitungi 15," akasema. "Imeandikwa hapa. Hukuniuliza, abti."

Kila mtungi wa lita 20 ulikuwa na mstari wake na tarehe yake, kwa sababu ni pesa, na abti haachi pesa ipite bila mstari. Nilichukua kalamu. Injini ya ukubwa ule ikivuta kwa nguvu zote inakunywa takriban lita 1.4 kwa saa. Mitungi 15 ni lita 300. Gawanya kwa 1.4, unapata saa 214. Mimi, kwa kuhesabu siku za kazi, nilikuwa nimepata 208.

Kipimo cha saa kilikuwepo siku zote. Kilikuwa daftarini, bila betri, bila mtandao, na kimeandikwa na mtu ambaye hawezi kusahau kukiandika. Mimi ndiye niliyekuja kutoka Nairobi na kompyuta na sikuuliza swali moja: abti, hapa tayari mnahesabu nini?

Basi tukatengeneza kanuni, na naiandika hapa kwa yeyote anayeitaka. Injini ikivuta kwa nguvu zote, saa 100 ni mitungi 7. Lakini kama haivuti kwa nguvu zote, petroli inadumu zaidi, tuseme lita moja kwa saa, na hapo saa 100 ni mitungi 5. Chukua namba ndogo ili usikosee kwa upande mbaya. Kila mitungi 5, mwaga oili. Wakati wa vumbi kali, kila mitungi 3. Injini mpya, mtungi wa kwanza ukiisha tu, mwaga. Basi.

Najua majibu nitakayopata, kwa hiyo nijibu mapema.

"Hizi za Kichina ndivyo zilivyo." Zingine ni mbovu kweli, sikatai. Lakini huwezi kujua kama mashine ni mbovu mpaka umeitendea haki. Ile iliyokufa mikononi mwangu ilipewa oili ya kwanza ikiwa imechelewa mara kumi. Hata ile ya jina kubwa kabisa ingelia. Tukishasema "ndivyo zilivyo" tumejisamehe wenyewe, na mwaka ujao tunanunua nyingine.

"Mimi huongeza oili kila siku." Vizuri, ikipungua iongezwe. Lakini kuongeza si kubadilisha. Ukiongeza maji safi kwenye beseni la maji machafu hujapata maji safi.

"Oili ni ghali." Lita 0.6 kila mitungi 5. Umeunguza lita 100 za petroli, unahurumia lita 0.6 ya oili? Oili hiyo haifiki bei ya petroli ya siku moja ya kazi. Ghali ni konrodi. Ghali ni karo.

"Siku hizi ni sola." Hili napenda kulisikia, na ni kweli kwamba jua letu limeanza kufanya kazi nyingine zaidi ya kutuchoma. Mtambo wa sola wa serikali hapa Garissa, wa megawati zaidi ya 50, ulizinduliwa Desemba 2019, na visima vingi vya kaskazini mashariki vilivyokuwa vikivutwa na jenereta za dizeli vimefungiwa paneli. Mkulima akipata pampu ya sola namwambia chukua, usiangalie nyuma. Lakini paneli yenye vumbi hupunguza umeme kimyakimya, waya hulegea, pampu husagwa na mchanga. Anayeamini kwamba sola imemwondolea matunzo ataizika sola yake kama alivyozika injini, na ataitafutia methali ileile.

Na sasa niseme na wenye miradi, maana si haki kumlaumu mkulima peke yake.

Telemka Tana kutoka Garissa ufike Bura. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, familia zikahamishiwa pale kulima pamba. Maji yalipandishwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli pale Nanigi. Pampu zilikusudiwa ziwe za muda tu, hadi maji yaletwe kwa mtelemko bila kuunguza dizeli. Muda ule ukawa miongo. Dizeli ikawa mzigo, mashine zikawa zinaharibika, maji yakawa yanakatika pamba ikiwa shambani, na watu walioambiwa waache maisha yao ya kwanza wakabaki wanatazama mfereji mkavu. Mhandisi atakueleza sababu nyingi za kushindwa kwa Bura, na zote zina ukweli. Mimi naona somo moja: mahali ambapo maisha yote yananing'inia kwenye injini, ratiba ya injini ndiyo sera. Hakuna sera nyingine juu yake.

Hata leo pampu hukabidhiwa vikundi vya wakulima kwa sherehe, hotuba na utepe. Mtu akiuliza filta za akiba ziko wapi, ataonekana anaharibu sherehe. Ombi langu kwa wenye miradi ni dogo. Kila injini mnayotoa ifungwe kipima saa. Vipo vidogo, unazungusha waya wake kwenye waya wa plagi na kinahesabu kila injini inapowaka. Toeni na lita tano za oili, filta mbili, plagi mbili, na daftari. Tena daftari litoke kabla ya fulana.

Kwa wenzangu waandishi wa programu nina neno kali zaidi. Tuache kuwaletea watu kalenda zenye kengele na kuziita teknolojia. Kabla ya kuandika mstari mmoja, kaeni na anayefanya kazi, mwulize anahesabu nini na anaandika wapi. Mkisoma kitabu cha mashine msomeni AU yote, pande zote mbili. Na programu yako ikikosea, usiseme mtumiaji hakuelewa. Abti alielewa vizuri sana. Alifanya nilichomwambia, na ndiyo maana injini ilikufa.

Kwa mwenye pampu, haya hapa ya kubandika ukutani, badala ya kalenda:

1. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, weka injini mahali tambarare upime oili kwa kijiti chake. Ukingo wa mto ni mteremko. Kwenye mteremko kijiti kinadanganya, na kibaya zaidi, oili inakimbilia upande mmoja na kile kijiko cha ndani kinachota hewa. Chimba pawe sawa, ufanyie kazi hapo.

2. Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha. Pampu ikizunguka kavu huunguza sili yake.

3. Chuja petroli kwa kitambaa safi. Mtungi wa petroli usiwe uliobebea maji jana.

4. Kila mtungi mmoja wa petroli, fungua filta ya hewa. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ichovywe oili safi na kukamuliwa. Ya karatasi ikung'utwe polepole, isioshwe, na ikichoka itupwe. Usiendeshe injini bila filta hata siku moja. Vumbi letu ni mchanga, na mchanga ndani ya silinda ni msasa.

5. Kila mitungi 5, au 3 wakati wa vumbi, badilisha oili injini ikiwa ya moto kiasi, ili itoke na uchafu wake. Tumia daraja lililotajwa kwenye kitabu chako, kwa joto letu mara nyingi ni SAE 30. Siku hiyo hiyo toa plagi, isugue, nafasi ya ncha iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Safisha kikombe cha chini ya tangi. Ondoa vumbi kwenye mapezi.

6. Kila mitungi 15, mpelekee fundi apime nafasi za valvu.

7. Oili chafu usimwage mtoni. Tunakunywa pale, na walio Hola wanakunywa baada yetu.

Siku ya kazi ya namba 5 abti ameiweka Ijumaa asubuhi, injini inapopumzika. Mapema anaiwasha dakika chache ipate moto, anaizima, anamwaga oili, anaosha mikono, anaenda msikitini. Injini ile nyingine iliyonunuliwa kwa deni imepita kiangazi kimoja na imeanza cha pili. Kwenye daftari, kila mstari wa tano una duara jekundu. Binti yake mkubwa ndiye anayechora duara, na akiona baba yake amesahau haandiki mtungi wa sita.

Programu yangu nimeifuta kwenye seva. Sijaandika nyingine mahali pake.

Haya, nimemaliza. Aliye na pampu, jenereta au mashine ya kusaga aniandikie anahesabu kwa nini: mitungi, magunia, au saa. Na anayeona nimekosea anipinge, ila aje na namba.